Kucheza na Mtu Asiyeonekana

Mchezo ni jambo dogo lipimalo jambo kubwa. Mtu akiwa kazini huongozwa na ujira. Akiwa msibani huongozwa na desturi. Akiwa mbele ya hakimu huongozwa na hofu. Mchezoni hana ujira wa kutumainia wala kifungo cha kuogopa, na kwa hiyo tabia yake hutoka nje kama ilivyo, pasipo vazi wala manukato. Hii ndiyo sababu wazee wa pwani yetu hawakuudharau mchezo hata siku moja. Aliyetaka kuijua subira ya mtu hakumwuliza. Alimtazama akifungwa katika bao.

Katika zama zetu umezuka mchezo wa namna nyingine. Watu wawili, au kumi, au mia moja, huingia katika uwanja mmoja kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, katika nchi yake, chini ya jina alilojipa mwenyewe. Hucheza, hushinda au hushindwa, kisha hutawanyika kama ndege waliokutana juu ya mti mmoja kwa usiku mmoja. Swali ninalotaka kulitafakari ni hili: mtu anadaiwa nini kwa mwenziwe asiyemwona, asiyemjua, na ambaye hatakutana naye maishani? Wako wasemao kuwa hadaiwi kitu. Mimi naona anadaiwa kila kitu ambacho angedaiwa barazani, na juu yake deni moja zaidi ambalo barazani halikuwa na haja ya kutajwa.

Nayasema haya kama mtu wa ndani ya mchezo, si kama mpita njia. Ni mwalimu wa Kiswahili, umri wangu umevuka miaka arobaini, na makazi yangu ni Mbweni, kusini ya mji wa Unguja. Usiku, kazi za wanafunzi zikiisha kusahihishwa na watoto wakiisha kulala, hucheza kwa muda wa saa moja, mara sataranji, mara mchezo wa vita wa vikosi vya watu wanne wanne. Wako marafiki wanaoona haya kwa niaba yangu. Husema kuwa shahada ya udaktari na simu ya mchezo haziwezi kukaa katika mkono mmoja. Walakini marafiki hao hao wakinikuta barazani nagonga dhumna husogea wakaketi nami. Hawauchukii mchezo, basi. Wanachokishuku ni giza linaloufunika. Katika hili wana sababu, na giza hilo ndilo ninalotaka kulichungua.

Lakini kwanza tuitazame nuru. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64. Kila kete iko machoni pa wachezaji wote wawili, na machoni pa watazamaji waliowazunguka. Mtu akiruka shimo moja katika kusambaza kete zake, macho kumi yamekwisha kumwona kabla ya mkono wake kutua. Watazamaji wa bao hawakai kimya: hutania, hukumbusha, hukemea, na hadithi ya mchezo wa jioni hutembea mtaani asubuhi. Mchezaji anajua kuwa kesho atakutana na mpinzani wake sokoni, msikitini au harusini. Kwa hiyo adabu ya bao ina walinzi wawili: jicho la leo na ujirani wa kesho.

Mchezo wa mtandaoni umewaondoa walinzi hao wote wawili. Karata huficha mkono wa mchezaji. Bao halifichi kitu. Mchezo wa mtandaoni humficha mchezaji mwenyewe.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo wa kompyuta ulioitwa MUD, na mwenziwe Richard Bartle akauendeleza. Mchezo ule haukuwa na picha. Ulikuwa maneno matupu. Mchezaji aliandika alichotaka kutenda, na kompyuta ikamjibu kwa maandishi. Hata hivyo watu waliokuwa mahali mbalimbali waliweza kukutana humo. Mwaka 1996 Bartle aliandika makala ambayo aliwagawa wachezaji katika mafungu manne: watafutao mafanikio, watafutao siri za ulimwengu wa mchezo, watafutao mazungumzo na wenzao, na watafutao kuwaumiza na kuwaudhi wengine. Fungu hili la nne lina ushahidi mkubwa katika hoja yetu, nami nitaliita baadaye lije kizimbani.

Swali la mtu asiyeonekana ni la kale kuliko umeme. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato mna kisa cha mchungaji aliyepata pete ya ajabu. Akiigeuza ndani ya kiganja haonekani. Akiigeuza nje huonekana tena. Kwa pete ile alimpata mke wa mfalme, akamwua mfalme, akautwaa ufalme. Glaucon, msimulizi wa kisa, alidai kuwa pete kama hiyo akipewa mwema na mwovu, wote wawili watafuata njia moja, kwa maana watu hutenda haki kwa kulazimika tu. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu mbili pete hiyo ilikuwa mfano wa wanafalsafa. Leo kila kijana mwenye simu anaivaa.

Mvaa pete wa siku hizi ana utetezi wake, nao ni maneno matatu: ni mchezo tu. Akimtukana mtu kwa mama yake, au kwa rangi yake, au kwa nchi yake, husema kuwa hakuumia mtu. Sasa namwita yule mchezaji wa fungu la nne. Katika michezo hii mna wapinzani wa namna mbili, watu na mashine, maana programu nyingine huweka askari wa bandia ili kujaza uwanja. Je, mtu huyu humtukana askari wa bandia? Katu. Akijua kuwa mbele yake pana mashine, matusi humkauka mdomoni, kwa sababu hapana wa kuumia. Kwa hiyo yeye mwenyewe ni shahidi juu ya nafsi yake. Kule kutukana kwake ni ungamo kwamba upande wa pili yuko mtu mwenye moyo. Asingekuwako, tusi lisingekuwa na ladha. Hawezi kumtafuta mtu ili amjeruhi, na papo hapo kukana kuwa yuko mtu.

Ndivyo ilivyo kwa udanganyifu pia. Mwezi wa Mei 1997 kompyuta iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa sataranji wa dunia. Leo programu iliyomo katika simu ya mkononi humshinda bingwa yeyote. Mchezaji anayeiuliza programu hiyo kwa siri wakati mwenziwe anaumiza kichwa, ameiba nini? Ushindi wake hauna thamani hata sokoni. Alichoiba ni saa ya maisha ya mwenziwe, aliyeketi kwa ahadi ya kupambana na akili ya mwanadamu. Kuvunja ahadi kwa mtu asiyeweza kukugundua ni dhuluma iliyo rahisi kupita zote, kama kumpunguzia kipofu chenji.

Deni la kwanza ni hilo: uaminifu na ulimi safi. Sasa nifikie deni la pili, lile lililozidi. Barazani mtu akiinuka katikati ya mchezo, sababu yake tunaiona. Ameitwa na mkewe, au mvua imeanza, au ameona kuwa anafungwa akakasirika. Mtandaoni mpinzani hutoweka ghafula, na skrini haisemi kitu. Je, amekimbia aibu ya kushindwa, au umeme umemkatikia? Sisi wa Unguja ndio wa mwisho kustahili kuwa wepisi wa kuhukumu katika jambo hili. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Ulipokatika, kisiwa kizima kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, Mei hadi Juni 2008, na tena takriban miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hata siku za salama, masafa yana kodi yake. Nuru ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na mara nyingi kompyuta inayoendesha mchezo iko Ulaya au Asia. Mchezaji wa Mbweni anaweza kukwepa risasi machoni pake, kumbe katika kompyuta ya mbali amekwisha kufa. Wenziwe humwona mzembe. Naye kosa lake ni kuzaliwa mbali.

Deni la pili, basi, ni dhana njema. Naye mtu asiyeonekana huihitaji kuliko anayeonekana, maana hana uso wa kujitetea. Upo mfano mashuhuri. Tarehe 30 Agosti 2020, wakati maradhi ya Uviko yalipokuwa yamefunga milango ya dunia, Shirikisho la Sataranji la Dunia lilimalizia Olimpiadi yake ya mtandaoni kwa fainali baina ya Urusi na India. Mkondo wa kwanza walitoka sare. Katika mkondo wa pili wachezaji wawili wa India walipotewa na mtandao, saa zao zikaisha, wakahesabiwa wameshindwa. Kwa maandishi ya sheria ushindi ulikuwa wa Urusi. India walikata rufaa, ikaonekana kuwa hitilafu ya mtandao siku ile iliwapata watu katika nchi nyingi. Na rais wa shirikisho, Arkady Dvorkovich, ambaye mwenyewe ni Mrusi, akaamuru medali ya dhahabu wapewe wote wawili. Wako waliolaumu uamuzi ule, wakisema sheria ni sheria. Mimi naona ulisema kweli moja: saa iliyokwisha si ushahidi wa akili iliyoshindwa.

Msomaji makini ataniuliza swali gumu. Atasema: wewe ulilelewa barazani, ukaja mtandaoni ukiwa na adabu yako mfukoni. Mtoto aliyeanza na giza ataipata wapi adabu ambayo hukua kwa kutazamwa? Pingamizi hili lina nguvu, wala silipuuzi. Fadhila hazioti hewani. Nakubali kuwa mtu hujifunza kuwa mwaminifu mbele ya macho kabla hajaweza kuwa mwaminifu bila ya macho. Lakini neno hili halituongozi kuupiga marufuku mchezo. Linatuongoza kuketi karibu. Jioni moja hapa Mbweni vijana watano walikuwa juu ya baraza moja, kila mmoja na simu yake, wakicheza pamoja katika kikosi na watu wa mbali. Mmoja akaporomosha matusi. Mzee aliyekuwa ameegemea ukuta akamwuliza:

"Unamtukana nani, mjukuu wangu?"

"Hata simjui, babu."

"Basi umejuaje kama anastahili?"

Kijana hakujibu, akaendelea kucheza kwa sauti ya chini. Sijui kama moyo wake ulibadilika. Najua tu kwamba kwa swali moja mzee yule, ambaye hajapata kuushika mchezo ule, aliliingiza baraza ndani ya simu. Tungaliwafukuza vijana wale wakajifungie vyumbani, swali lile lisingaliulizwa.

Na mahali nilipo pana funzo la kale linalolingana na hili. Karibu nasi yako magofu ya skuli ya Mtakatifu Mariamu, ambayo misheni ya Kiingereza ya UMCA iliwasomesha wasichana waliotolewa utumwani. Katika miaka ya 1870 watu waliokombolewa walipewa makazi hapa Mbweni. Walitoka pande nyingi za Bara, kwa lugha nyingi, na wengi hawakujua ukoo wa jirani zao wala vijiji walivyonyakuliwa. Sifananishi msiba wao na burudani yangu. Huo ungekuwa utovu wa adabu. Nachukua neno moja tu: ujirani haungoji nasaba. Mtu hakuwa jirani kwa sababu anajulikana. Alijulikana kwa sababu alitendewa ujirani.

Usiku mwingine, katika kikosi cha mchezo, husikia sauti ya Kiswahili kutoka Muskat, au Mombasa, au Toronto, na kwa nusu dakika wageni wanne huwa watu wa mtaa mmoja. Furaha hiyo nzuri hunitia wasiwasi pia. Kwa nini niwe mpole kwa huyu kwa kuwa ameniita kaka, na mkali kwa yule wa Manila ambaye lugha yake siielewi? Lugha moja ni uso wa namna yake. Na adabu inayongoja uso kwanza bado ni adabu ya kutazamwa.

Glaucon alidhani kuwa pete ya kutoonekana humfanya mtu kuwa mwovu. Naona pete haimfanyi mtu kitu. Humwacha peke yake na alichokuja nacho. Kazi ya wazazi, walimu na wazee ni kuhakikisha kuwa kijana haji mikono mitupu. Na kazi ya kila mchezaji, mdogo au mkubwa, ni kukumbuka kwamba kutoonekana kuna pande mbili: sisi nasi ni wasioonekana kwa mwenzetu, na usiku huu huu, mahali fulani duniani, mtu tusiyemjua anaamua kama sisi ni watu.