Kizio Kisicho na Mwenyewe

Rubaya, mji wa machimbo huko Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kilo ina mwenyewe. Mchimbaji akishuka mlimani na kiroba cha coltan, mambo mawili huamua atalipwa nini: uzito na asilimia. Uzito unasomwa kwenye mizani ya mnunuzi. Asilimia, yaani sehemu ya oksidi ya tantali iliyomo katika ule mchanga mweusi, inasomwa na mashine ambayo mchimbaji hana. Tuseme mzigo una kilo 10. Mashine ikisema 30, ndani yake mna kilo 3 za oksidi ya tantali; ikisema 25, mna kilo mbili na nusu. Nusu kilo imetoweka na hakuna aliyeonekana akiiba. Mchimbaji anaweza kununa, anaweza kuapa. Hawezi kubisha, maana kubisha kunataka mizani ya pili.

Je, kinaweza kuwepo kipimo kisicho cha mtu yeyote?

Swali hili lina umri. Katika karne ya 19 pembe za ndovu za Maniema, mkoa jirani, zilibebwa mabegani hadi pwani, zikapimwa kwa frasila ya ratili 35 hivi. Aliyeshika mizani hakuwa yule aliyebeba mzigo. Huko Ufaransa, wanamapinduzi waliochoshwa na vipimo vya mabwana wa kila wilaya waliona dawa ni kukichukua kipimo kwenye dunia yenyewe, kwa kuwa dunia ni ya wote. Mwaka 1792 Delambre na Méchain walianza kupima mstari wa Dunkirk hadi Barcelona, ili mita iwe sehemu moja katika milioni kumi ya safari ya kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, hiyo hiyo inayokatiza Kivu Kaskazini karibu na Butembo. Nia ilikuwa njema. Lakini hesabu ilikosea kidogo, na mita ikaishia kuwa ufito wa platini uliohifadhiwa Paris. Kilo nayo, tangu 1889, ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa nje kidogo ya mji huo kwa funguo tatu. Kipimo cha watu wote kikawa na anwani.

James Clerk Maxwell aliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1870, akihutubia wanasayansi Liverpool, alisema dunia inaweza kusinyaa au kupunguza mwendo wake, kwa hiyo anayetaka kipimo cha kudumu akitafute katika molekuli, zisizozeeka. Miaka minne baadaye, mjini Belfast, Mwailandi George Johnstone Stoney alikwenda mbali zaidi. Alichukua kasi ya mwanga, nguvu ya mvutano wa vitu na chaji ndogo kabisa ya umeme, ile ambayo mwaka 1891 aliipa jina la elektroni, akavichanganya hadi vikatoa urefu, uzito na muda. Hakuhitaji ufito wala ufunguo.

Mwaka 1899 Max Planck alifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Alikuwa akichunguza mwanga unaotoka katika vitu vilivyopashwa moto, jambo ambalo maabara ya taifa mjini Berlin ililipima kwa bidii, kwa sababu mojawapo ya kutafutia viwanda vya taa kipimo cha kuaminika. Ndani ya hesabu zake ilijitokeza namba mpya isiyobadilika. Aliiunganisha na kasi ya mwanga na mvutano, akatangaza kwamba vizio vinavyotokana nazo vitabaki na maana kwa nyakati zote na staarabu zote, hata zisizo za dunia hii wala za binadamu.

Ahadi hiyo ni nzito, na inafaa ihojiwe. Urefu wa Stoney ni mfupi kuliko wa Planck karibu mara 12. Maumbile yaliulizwa mara mbili yakatoa majibu mawili, kwa sababu Stoney alichagua chaji ya elektroni na Planck akachagua namba aliyoikuta katika mwanga wa vitu vya moto. Namba zenyewe hazina bwana, ila uamuzi wa kuanza na ipi ni wa mtu. Hata kipimo kilichochukuliwa kwenye maumbile kimepita mkononi mwa binadamu.

Jambo la pili la kuhoji ni ukubwa wa vizio hivyo. Urefu wa Planck ukiuandika kwa mita, baada ya nukta zinafuata sifuri 34 ndipo inakuja 16. Uzito wake ni mikrogramu 22 hivi. Hakuna mnunuzi wa Masisi atakayepima kiroba kwa vizio hivyo. Lazima liwepo daraja kutoka kwenye namba hadi kwenye mizani, na darajani husimama mtu.

Tarehe 20 Mei 2019 daraja hilo lilijengwa rasmi. Kile kipande cha Paris kilistaafishwa, na kilo ikafungwa kwenye namba ya Planck kupitia chombo kiitwacho mizani ya Kibble. Siku hiyo hiyo chaji ya elektroni, kizio cha Stoney, ilipewa thamani isiyobadilika. Na kazi kubwa ya tantali ya Rubaya ni kutengeneza kapasita, vile vidude vinavyotunza chaji ya umeme ndani ya simu. Jiwe lililouzwa kwa kilo yenye mwenyewe linaishia kubeba kizio kisicho na mwenyewe.

Basi tangu 2019 kilo ya Rubaya haina bwana? Kwa maana yake, haina. Kwa kusomwa kwake, bado inaye. Tangu 2024 mji uko chini ya waasi wa M23, na ushuru unahesabiwa kwa kilo; mwenye bunduki naye amekuwa msomaji wa mizani. Zamani kidogo, kasiteriti, yaani mawe ya bati, ya mgodi wa Bisie katika eneo jirani la Walikale ilitoka msituni mgongoni mwa wapagazi, magunia ya kilo 50 hivi, mwendo wa siku mbili hadi kijiji cha Njingala. Mgongo wa mpagazi uliujua uzito ule bila chombo chochote, na haukudanganywa. Hata hivyo ushahidi wake haukuandikwa kwenye daftari la yeyote. Kwa hiyo kujua uzito ni jambo moja, na kuwa na neno katika kuutangaza ni jambo lingine. Stoney na Planck walishughulikia la kwanza kwa namna ya ajabu. La pili hawakuligusa, wala fizikia haina njia ya kuligusa.

Hilo haliipunguzii fizikia heshima. Imeondoa kisingizio: hakuna tena anayeweza kusema kwamba kilo ni vile mkubwa apendavyo. Sehemu iliyobaki ni ya watu, nayo inajulikana: mchimbaji awe na mizani yake, asilimia ipimwe mbele ya macho yake, na wawili wakitofautiana awepo wa tatu asiyelipwa na mmoja wao. Planck alitafuta kipimo ambacho hata kiumbe wa sayari nyingine angekikubali. Rubaya inatafuta ambacho muuzaji na mnunuzi wangekikubali, na hadi leo hicho ndicho kigumu zaidi kupatikana.