Mzigo wa Kuyajua ya Kesho

Wako watu wapelekao kuku na fedha kwa mpiga ramli ili waambiwe ya kesho. Twawauliza: mkiisha kuambiwa, mtafanya nini?

Kilosa hahitajiki mwaguzi. Wenyeji wajua kwamba mvua ikizidi milimani, mto Mkondoa hufurika. Ndiyo maana tuta lilijengwa kuuzuia. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 maji yalilibomoa tuta hilo, maelfu wakakosa makao, na Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Kusini zaidi, katika barabara kuu ipitayo Hifadhi ya Mikumi, vibao vyamwonya dereva kuwa wanyama huvuka, naye huzidi kukaza mwendo.

Basi, kuyaona yajayo si sifa, bali ni deni. Asiyejua husamehewa, ajuaye akanyamaza hushiriki lawama. Tena ni mzigo mzito, maana aonyaye mapema huitwa mwoga, na hatari isipotokea huchekwa. Lakini heri kuchekwa na jirani aliye hai kuliko kusifiwa matangani kwake.

Mzigo huo haubebwi na mmoja. Aonaye aseme, nasi tuliosikia tushike majembe, tulitengeneze tuta kabla ya mvua.