Mtoto Waliyemgombania

 

Majina ya wachezaji sinema wa Marekani si mageni majumbani mwetu, ijapokuwa twatamani yangelikuwa mageni. Mmoja wao alikuwa Rita Hayworth, aliyepata sifa kubwa kwa filamu ya Gilda ya mwaka 1946. Aliolewa mara tano, akaachika mara tano. Hatumtaji kwa kumsengenya. Amekwisha kufa, na hisabu yake iko kwa Mola wake. Twamtaja kwa ajili ya ndoa yake ya tatu, kwani mume alikuwa Muislamu.

Tarehe 27 Mei, 1949, aliolewa Vallauris, kusini mwa Ufaransa, na Aly Khan, mwana wa Aga Khan wa Tatu, imamu wa Maismaili. Mwezi wa Disemba walizaa binti, Yasmin. Mwaka 1951 mke akaondoka, akarudi Marekani na wanawe; mwaka 1953 wakaachana. Hapo ndipo ugomvi wa mtoto ulipopamba moto. Baba aliahidi kutoa dola milioni 1 ili binti alelewe katika Uislamu. Mama akakataa.

Mtu atauliza: je, baba hakuwa na haki ya kumtakia mwanawe dini yake? Alikuwa nayo. Lakini jambo hilo hutazamwa kabla ya nikahi, si baada ya talaka, mbele ya mawakili. Na dini haimwingii mtoto kwa fedha. Humwingia kwa kumwona babake akiswali.

Wala tusiwacheke wa mbali. Wako waume katika miji yetu wanaozuia nafaka ya mtoto, wakidai aletwe kwanza ndipo watoe. Wako na wake wanaomficha mtoto asimwone babake hata siku ya Idi, kisha wote wawili wakenda kwa Kadhi, kila mmoja akidai ni mdhulumiwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile. Hadhana ni haki ya mtoto kabla ya kuwa haki ya mtu mwingine.

Aly Khan alikufa kwa ajali ya motokaa karibu na Paris mwaka 1960, Yasmin akiwa na miaka 10. Naye mama, alipokuwa mtu mzima, akaanza kusahau. Watu walisema ni ulevi, kumbe ni maradhi ya Alzheimer, yanayoila akili kidogo kidogo. Waume wote watano hawakuwapo. Mwaka 1981 mahakama ilimkabidhi Yasmin dhamana ya mama yake, naye akamweka karibu naye New York, akamtazama hata alipokuwa hawezi tena kujitazama mwenyewe.

Mama huyo hakuwa Muislamu. Lakini Asmaa binti Abubakar alipojiwa na mamake, naye angali mshirikina, alimuuliza Mtume, S.A.W., kama amfanyie wema, akaamrishwa amuunge. Basi yule mtoto aliyewekewa dola milioni 1 ndiye aliyebaki na mama yake mpaka tarehe 14 Mei, 1987, alipofariki akiwa na umri wa miaka 68.