Je, Mwanamke Mlevi Ana Dhambi Zaidi?

Husemwa katika baraza zetu kwamba ulevi wa mwanamume ni balaa, walakini ulevi wa mwanamke ni kiyama. Maneno haya, ndugu zangu, yafaa yapimwe, kwani yamechanganya mambo mawili: dhambi na aibu.

Natutazame nchi ya Meru na Embu, ambayo wengi wetu huijua kwa mirungi tu. Zamani pombe ya muratina, itengenezwayo kwa asali au maji ya miwa, ilikuwa ni haki ya wazee. Vijana na wanawake wa umri wa kuzaa walizuiliwa. Mpaka huo umekwisha kuvunjika. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa, na ile ya 2010 ikairuhusu kwa masharti. Mnamo Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko, na wengine ikawapofua. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru pombe rahisi ziangamizwe katika Kenya ya Kati, jirani ya Embu. Siku zile mwanamke alitajwa sana, lakini kama mke amliliaye mume, au mama wa kijana aliyepotea. Mwanamke anywaye mwenyewe alitajwa kwa nadra.

Naye yuko. Hunywa ndani, mlango umefungwa, kwa kuyaogopa macho ya watu.

Ama hukumu, Sheria yetu imeharamisha ulevi kwa mwanamume na mwanamke pamoja, wala haikumwekea mwanamke adhabu kubwa zaidi. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kulaaniwa mtu aliyekuwa ameadhibiwa mara kwa mara kwa ulevi, akasema kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Basi sisi laana tumeruhusiwa na nani?

Atasema mtu: madhara ya mwanamke ni makubwa zaidi. Katika mwili, ni kweli. Mwili wake una maji machache kuliko wa mwanamume, hivyo kiasi kile kile cha pombe humlemea zaidi, na ini lake huharibika upesi. Akiwa mja mzito, pombe humfikia mtoto tumboni. Madaktari wa Marekani waliyaeleza madhara hayo mwaka 1973. Lakini hoja hii yatutaka tumharakishie tiba, haitutaki tumzidishie matusi. Mgonjwa ambaye maradhi yake yaenda mbio ndiye wa kukimbiliwa kwanza, nasi kwa ndimi zetu twamfanya ayafiche mpaka yamefika kwenye ini.

Tena, katika Hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, mnywaji ni mmoja tu. Wamo mkamuaji, mchukuzi, muuzaji na alaye thamani yake. Mjane apikaye chang'aa apate karo ya shule yumo, wala hatumtoi. Lakini hata hapa Pwani yuko mwenye nyumba aliyeipangisha kwa baa. Hupokea kodi yake kila mwisho wa mwezi, akaketi mbele katika harusi, na hapana amtajaye. Binti yake akionekana na chupa, mtaa mzima utajua kabla ya Magharibi.