Mzani Haupimi Kina cha Shimo

Pembezoni mwa Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, depo za kununulia kobalti huwa na ubao ulioandikwa kwa mkono: upande mmoja asilimia ya madini, upande wa pili bei ya kilo. Mchimbaji anashusha gunia, mnunuzi anachota sampuli na kuielekezea mashine yenye umbo la bastola, ambayo watu wa madini wanaijua kwa jina la Metorex. Namba inatokea kwenye kioo. Asilimia ikiwa juu, kundi zima lililoshuka shimoni linagawana pesa. Ikiwa chini, karibu zote zinaishia kwa mfadhili aliyewakopesha unga na sululu.

Ubao huo ni mpango kamili wa motisha, tena wa aina ambayo mameneja wengi wanaiota. Malipo yanafuata matokeo, hakuna anayelipwa kwa kukaa, wala hakuna msimamizi wa kuwapigia watu kelele. Na unafanya kazi kweli. Mwaka 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, hakuna aliyewaamuru wakazi kuchimba. Walitoboa sakafu za vyumba vyao wenyewe na kuufuata mshipa wa madini hadi chini ya ukuta wa jirani.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ubao wa bei hauulizi ameinama mita ngapi. Kanuni za madini za Kongo zinamkataza mchimbaji mdogo kushuka zaidi ya mita 30, lakini bei ya kilo ni ileile, iwe imetoka mita 10 au mita 60. Siku inayotumika kukata miti na kuegemeza kuta za shimo haiongezi hata gramu moja kwenye gunia. Kwa hiyo miti haikatwi, na wala si kwa sababu mchimbaji ni mjinga au haogopi kufa. Tunadhani motisha inamwongezea mtu nguvu za kutenda, kumbe kazi yake ya kwanza ni kumchagulia cha kutazama. Kinacholipwa kinang'aa, na kisicholipwa kinafifia mpaka anayekijali anaonekana anapoteza muda.

Jambo hili si la Kolwezi peke yake. Wachumi wanalihusisha na Mwingereza Charles Goodhart, aliyeligusa mwaka 1975: kipimo kikishafanywa lengo, kinaacha kupima vizuri. Kampuni ikitoa bonasi kwa siku zisizo na ajali, mfanyakazi aliyepondwa kidole ataficha mkono mfukoni ili asiwanyime wenzake. Kongo ilikuwa imekwisha kulipia somo hilo zamani. Katika Dola Huru ya Kongo ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, mawakala walipata bonasi kwa kadiri ya mpira waliokusanya, na askari walidaiwa mkono uliokatwa kwa kila risasi, kama ushahidi kwamba haikupotea bure. Aliyeitumia risasi yake kuwinda mnyama aliifidia kwa mkono wa mtu aliye hai. Kipimo kilitimia, na hesabu ikafungwa.

Je, dawa ni kuuacha mzani na kuwatunza watu kwa wema? Hilo nalo Katanga, jimbo la zamani ambalo Kolwezi ilikuwa ndani yake, imelijaribu. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilichoka kupoteza wafanyakazi waliokuja na kukimbia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mbinu: mfanyakazi aje na mke, apewe nyumba kambini, hospitali, shule, na posho iliyoongezeka kadiri watoto walivyoongezeka. Hapa yale ambayo mzani haupimi, kama homa ya mtoto na uzazi wa mama, yalikuwa na mwenye kuyabeba. Watu wa kambini wakasema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama.

Lakini mtoto hamwombi baba hesabu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma kudai mshahara zaidi, wakakusanyika uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi wakafa kwa makumi. Posho ilikuwa inanunua utulivu, na bei ya utulivu huo ilipangwa na upande mmoja. Ndiyo maana, naamini, katika miaka ya 1950 kambi za Kolwezi zilivutwa sana na Jamaa, harakati ya kidini iliyoanza kwa padre Placide Tempels, ambamo mchimbaji na mkewe waliitwa baba na mama. Kampuni iliwapa karibu kila kitu isipokuwa heshima ya utu uzima.

Baba huyo naye alizeeka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na miaka iliyofuata mishahara ikawa haionekani kwa miezi. Mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, kwa malipo ya mkupuo mmoja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kuipa kitabu chake cha 2001 jina linalowataja watoto wa Shaba, kama Katanga ilivyowahi kuitwa, walioachwa na baba yao.

Tukirudi nyuma zaidi, kabla ya kampuni, tunafika Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, huko Kapanga. Ushuru ulioletwa na machifu wa mbali haukuwa biashara ya kilo. Uliwafunga katika undugu wa vyeo, ambapo anayerithi cheo hurithi pia kaka na wajomba wa aliyemtangulia, na mkubwa alitazamiwa kurudisha zawadi. Deni halikuisha, na ndilo lililoshikilia dola. Tusiipambe lakini: ndani ya ushuru huo walikuwamo pia watumwa, na undugu wa wakubwa haukuwauliza neno.

Malipo, basi, yanafanya mambo mawili kwa pamoja: yanapima na yanafunga. Depo inapima bila kufunga. Gunia likishapokelewa, shimo likibomoka kesho ni msiba wa familia. Kampuni ya zamani ilifunga, na kipimo ikakishika peke yake. Mradi wa majaribio wa uchimbaji mdogo huko Mutoshi, Kolwezi, kati ya 2018 na 2020, ulijaribu njia ya kati: mashine ziliondoa udongo wa juu ili watu wachimbe kwenye uwazi, nao wakapewa kofia na buti. Mzigo wa usalama ulipata mbebaji. Mnunuzi, hata hivyo, alibaki mmoja.

Kinachobaki hakihitaji falsafa nzito kukitekeleza. Ushirika wa wachimbaji uwe na mashine yake ya kupimia, ili namba ya mnunuzi iweze kubishiwa. Bei ya kilo ihesabu miti ya kuegemezea, kama inavyohesabu usafiri wa lori. Kilo itapanda bei, na mnunuzi wa mbali atalalamika, kwa kuwa atakuwa analipa kwa mara ya kwanza kile ambacho mchimbaji amekuwa akikilipia kwa mwili wake.

Anayetaka kujua kama mpango wa motisha ni mzuri asitosheke kuona watu wanajituma. Hata wanaolazimika hujituma. Aulize nani anabeba kisichopimwa, kisha aulize kama anayepimwa anaruhusiwa kuushika mzani.