Kutotazama na Kufuta

Mtu akisema "hiyo chaneli mimi siitazami" anazungumzia macho yake. Akisema "hiyo chaneli nimeifuta" anazungumzia macho ya nyumba nzima. Kwenye rimoti tofauti hiyo ni ya vitufe viwili tu, ndiyo maana tunaipita bila kuiona. Lakini ndani yake kuna swali ambalo mimi naliona zito kuliko mengi tunayobishania sisi wapenda vitabu: kitu kikiwa cha wote, nani ana haki ya kukipunguza?

Nitalifuata swali hili hadi Chonyonyo, kwetu Karagwe. Huko sebule nyingi zilikuwa na redio tu mpaka juzi juzi. Umeme wa REA ulipofika zikaja runinga, likaja dishi, kikaja king'amuzi, na sasa yameanza kuingia haya maboksi ya Android, yale yanayonunuliwa Kariakoo, yanasafiri kwa basi, na yanakula intaneti ya simu. Ukiliwasha linakuuliza lugha, linakuuliza nchi, halafu linakumwagia kila kitu: mapishi kwa Kiarabu, mahubiri, katuni za Kichina, tamthilia za Kituruki, mnada wa vito vya dhahabu unaokesha. Katika kila nyumba yupo kijana mmoja anayeitwa fundi, na kazi ya kwanza ya fundi ni kusafisha. Anashikilia kitufe, anachagua "ficha", anahamia inayofuata. Ukimuuliza anafanya nini atakwambia anaondoa takataka.

Usafi wenyewe sina ugomvi nao. Ukurasa wa mwanzo wa boksi hucheza vipande vya filamu wenyewe, hata kama watu wote wako shambani, na kila sekunde bando linakwenda. Mahali ambapo bando la wiki hushindana na sabuni na mafuta ya kula, kuzima vitu hivyo ni busara, wala hakuhitaji falsafa. Mnada wa dhahabu nao uende salama.

Shida inaanza kwenye neno "eneo". Boksi linajuaje uko wapi? Linaangalia nchi uliyoichagua siku ya kwanza, linaangalia akaunti yako, na linaangalia anwani ya intaneti unayotumia. Anwani hiyo, kwa mitandao ya simu, mara nyingi huonekana kana kwamba iko Dar es Salaam, hata kama umekaa chini ya migomba yako Chonyonyo. Basi linakuletea mambo ya "eneo lako": Bongo Fleva, Simba na Yanga, vichekesho vya Manzese. Sisemi ni vibaya. Chonyonyo nako watu hununiana kwa sababu ya Simba na Yanga. Ila Dar iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, na Mbarara ya Uganda iko karibu mara kadhaa kuliko Dar. Wanaisimu huziweka Runyambo, Kihaya, Runyankore, Rukiga, Runyoro, Rutooro na hata Kikerewe katika kundi moja, wanaliita Rutara. Mnyambo akimsikiliza Mnyankore hahitaji mkalimani, anahitaji tu kuvumilia lafudhi. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani haukuwauliza wala kuwanyang'anya hilo. Kwa hiyo eneo la mtu wa pale lina ramani mbili, na boksi linaijua moja.

Katika nyumba moja ya ukoo wetu, fundi wa pale, kijana wa kidato cha tatu, alisafisha vizuri sana. Chaneli zote za Uganda akaziondoa kwa mkupuo. Wiki moja baadaye bibi yake, mtu wa miaka zaidi ya 80 ambaye runinga kwake ilikuwa ni taa yenye kelele, alitoka jikoni akauliza:

"Mjukuu wangu, wale wanawake wamekwenda wapi?"

"Wanawake gani, bibi?"

"Wale waliokuwa wanaongea kama watu."

Kijana akacheka, sebule nzima ikacheka. Kumbe siku moja kabla ya usafi, boksi lilikuwa limeachwa kwenye TV West ya Mbarara, inayotangaza kwa Runyankore na Rukiga, na bibi akawasikia wanawake wakizungumzia mahari. Alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi mpaka kipindi kikaisha. Hakuna aliyeona.

"Ile ni ya Uganda, bibi. Nimeifuta. Hapa hakuna anayeielewa."

"Kwani mimi si wa hapa?"

Nimeligeuza hilo jibu kichwani mwangu kwa muda mrefu. Kijana hakuwa na ubaya wowote. Hakuwachukia Waganda, hakumdharau bibi yake. Ndiye anayemchotea maji. Alichofanya ni kuyachukua masikio yake mwenyewe na kuyaita "hapa". Nadhani hivi ndivyo ufutaji mwingi unavyotokea duniani, bila chuki, kwa mtu mwenye rimoti kuamini kwamba asichokielewa yeye hakina mwenyewe.

Kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo baya zaidi. Chaneli ikifutwa haiachi pengo. Orodha inajikusanya, ya 41 inafuatwa na iliyobaki, na anayekuja baadaye anaona orodha kamili, nzuri, imenyooka. Bibi aliweza kulalamika kwa sababu moja tu, kwamba kwa bahati alikuwa amewasikia wale wanawake kabla hawajaondolewa. Usafi ungefanyika siku moja mapema asingekuwa na la kuuliza. Anayenyimwa hajui kwamba amenyimwa, na aliyemnyima naye hajui.

Mtanzania anaweza kunijibu: mbona sisi tuliwahi kunyimwa runinga yenyewe, na hatukufa? Ni kweli. Kenya ilikuwa na runinga mwaka 1962, Uganda 1963, Zanzibar 1973. Bara tulisubiri hadi 1994. Mwalimu aliiona runinga kuwa ni anasa itakayozidisha pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho, na pesa zilikuwa na kazi nyingine. Wengine leo humkejeli kwa hilo, kana kwamba aliogopa ulimwengu. Mtu aliyekaa chini akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, tena tamthilia mbili, huyo hakuogopa vya wageni. Mimi ule uamuzi nautetea nusu. Hakutuuliza, hilo ni kweli. Lakini lile pengo lilionekana. Kila mtu alijua kwamba bara hakuna runinga, mtu wa Karagwe alijua kwamba ng'ambo ipo, na aliyetaka kulalamika alijua analalamikia nini. Kukataa kununua boksi ni jambo moja. Kumpa mtu boksi lililokatwa ukamwambia ni zima, hilo ni jingine kabisa.

Hata mwaka 2018, TCRA ilipoziondoa chaneli za bure za nyumbani kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku kwa sababu ya masharti ya leseni, watu walilalamika kwa sauti, kwa kuwa kila mmoja alijua ITV na Clouds zilikuwa namba ngapi. Chaneli kubwa ikitoweka huwa na wa kuililia. Inayopotea kimya ni ile ya lugha ndogo, ya wasikilizaji wachache, ya bibi mmoja mlangoni na sufuria. Utangazaji wetu umejengwa juu ya Kiswahili na Kiingereza, wakati majirani zetu wana vituo vingi vya lugha za makabila. Mimi ni mtoto wa Kiswahili, ninaandika kwacho, na ninaamini kimetuokoa na mengi. Hata hivyo mtoto wa Chonyonyo anayekua leo hajawahi kumsikia mtu kwenye runinga ya nchi yake akisoma habari kwa Runyambo, na hahisi kwamba kuna kitu hakipo. Atahisije?

Ninyi mnaosoma riwaya mnamjua Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mwaka 1945 alikuwa amemaliza riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kwa Kikerewe, lugha ya kundi hilihili la Rutara. Haikupata mchapishaji. Akakaa mzee yule akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Akafariki 1981. Miaka 35! Hakuna serikali iliyoichoma riwaya ile, hakuna aliyeipiga marufuku. Haikuwa na namba kwenye orodha, basi. Tunayo leo kwa sababu mwandishi wake alikuwa king'ang'anizi na aliishi muda mrefu. Mwenzake asiyekuwa na bahati hiyo hatuwezi hata kumtaja jina, maana orodha yetu ya fasihi nayo imejikusanya, imenyooka, haina pengo.

Sasa watoto. Najua mzazi anayesoma hapa ameshanikasirikia. Kwamba niache kila kitu wazi, matangazo ya kamari, picha za uchi, saa mbili usiku watoto wamekaa mkekani? Hapana jamani. Lakini ving'amuzi na maboksi mengi yana njia mbili, kufuta na kufunga kwa namba ya siri, na mimi nazitofautisha kama ukuta na mlango. Chaneli iliyofungwa bado ina jina lake kwenye orodha. Mtoto anaiona, anauliza kwa nini imefungwa, na mzazi analazimika kutoa sababu ambayo mtoto ataipima na kuikumbuka. Yule mkali kuliko wote katika mambo haya, Plato, aliyetaka washairi waondolewe katika mji wake, hata yeye aliandika kwamba mtu akitokea na hoja nzuri ya kuutetea ushairi, basi urudishwe. Aliwatoa hadharani, sababu akazitaja, na mlango akauacha bila komeo. Sikubaliani naye kuhusu washairi, ila namna yake ya kuwafukuza ni ya kistaarabu kuliko kile kitufe cha "ficha".

Na ipo njia ambayo sisi Waafrika Mashariki tuliigundua kwenye vibanda umiza kabla boksi halijazaliwa. Filamu ya kigeni ikija, isiyoeleweka hata neno, hatukuifuta. Uganda wana maveejay wao, akina VJ Jingo, na kwetu alikuwepo Lufufu. Walikaa juu ya filamu na kuisimulia upya kwa lugha ya watazamaji, wakaongeza chumvi, wakabadili majina, wakamfanya jambazi wa ughaibuni aongee kama mtu wa mtaa wa pili. Wasomi wengine huona ile ni kuharibu kazi ya watu. Labda. Lakini kwa upande wa mtazamaji, mimi naona adabu kubwa mle ndani: kitu kimekuja hatukielewi, hebu atafutwe mmoja wetu anayekielewa, atusimulie.

Bibi wa Chonyonyo sasa anafanya kazi hiyo bila kujua jina lake. Kijana aliirudisha TV West, kwa shingo upande, akaiweka chini kabisa ya orodha, na jioni bando likiruhusu bibi huketi mbele. Wajukuu wadogo humuuliza, "Wanasema nini?" naye huwasimulia kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, akiingiza na maoni yake. "Huyu mama anadanganya. Mahari yao ilikuwa ng'ombe wanne, hawafiki." Nilipokuwa huko mara ya mwisho, mtoto wa darasa la kwanza alimrekebisha fundi wetu wa kidato cha tatu neno moja la Runyambo, na fundi akanuna.

Walipatana pia kuhusu rimoti. Kufuta kunahitaji watu wawili wakubaliane, na mmoja wao awe amevuka miaka 50. Chaneli za kamari zimefungwa kwa namba ya siri. Nikauliza namba anayo nani, kwa sababu mwenye namba ndiye serikali ya sebule. Mama wa nyumba akanigeuzia boksi. Imeandikwa pale nyuma kwa kalamu nene, kubwa, kila mtu aione, isipokuwa yule wa miaka mitano ambaye bado hajajua kusoma. Anaanza shule Januari.