Lawama ya Kutojua

Swali la iwapo kutojua humwondolea mtu lawama ni la kale katika falsafa ya maadili, na viwanda vinavyohudumia tiba, ambamo unga laini hukaushwa, huchekechwa na kushindiliwa, hulipa uzito wa pekee. Vumbi la kitu kinachoungua, hata likiwa la sukari au plastiki, hulipuka pale mambo matano yanapokutana: kitu chenyewe, oksijeni, chanzo cha moto, chembe kutawanyika hewani, na mahali palipofungika.

Tarehe 29 Januari 2003, kiwanda cha West Pharmaceutical Services mjini Kinston, North Carolina, nchini Marekani, kilichotengeneza sehemu za mpira za mabomba ya sindano, kililipuka, watu 6 wakafariki na 38 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba mpira ulichovywa katika maji yenye unga wa poliethilini, aina ya plastiki, ili usigandamane, na kwamba ulipokaushwa chembe zilipeperuka zikajikusanya juu ya dari, huku sehemu zinazoonekana zikisafishwa kwa bidii.

Aristotle alitofautisha kutojua kusikoepukika na kule ambako mtu amejiletea kwa kupuuza lililo katika uwezo wake kulijua: kule kwa kwanza kuna udhuru, lakini kule kwa pili ni kosa lenyewe. Tukio la Kinston linatatiza mgawanyo huo, kwa sababu mafundi waliopanda darini na kuliona vumbi hawakuwa wamefundishwa hatari yake, na waliopitia usalama wa poliethilini hiyo hawakuzingatia kwamba rojo, yaani maji hayo yenye unga, ingawa halilipuki, huacha unga unaolipuka likikauka. Kila mmoja alishika kipande cha ujuzi, na kwa kipande hicho peke yake kila mmoja ana udhuru.

Hapa fiqhi ya Kiislamu inasaidia, kwani mwenye kushika amana halipi kilichoharibika mikononi mwake isipokuwa amefanya uzembe, na uzembe hupimwa kwa uangalizi ambao nafasi yake ilimdai. Uhai wa wafanyakazi ukichukuliwa kuwa amana, wajibu wa kuunganisha vipande vya ujuzi humwangukia mwenye mamlaka ya kuagiza vumbi lipimwe maabara, dari izibwe au ikaguliwe, na fundi aulizwe alichokiona. Mtu huyo hadaiwi kujua kila kitu, kwa maana hilo halimo katika uwezo wa binadamu. Anadaiwa kuuliza, na asipouliza, kutojua kwake hakumpi udhuru.